KWA NINI RISASI HUZUNGUKA
Siri ya mifuo iliyomo ndani ya mtutu wa bunduki

Watu wengi wameiona bunduki mkononi mwa askari au mlinzi wa wanyama, lakini ni wachache waliopata kutazama ndani ya mtutu wake. Mtu aliyeruhusiwa kuishika, akiisha kuondoa risasi zote na kuifungua, akatazama kwa nyuma kuelekea penye mwanga, ataona kwamba ndani ya mtutu si laini kama bomba la maji. Imo mifuo, yaani mifereji myembamba iliyochongwa katika chuma, nayo haikunyoka, bali imejisokota tangu mwanzo hata mwisho, mfano wa kamba. Mifuo hiyo haikutiwa kwa urembo. Bila hiyo risasi ndefu yenye ncha ingepinduka mara itokapo mtutuni, wala hapana mtu ambaye angeweza kujua itapiga wapi.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Mlinzi anayetumwa kumwondoa nyati aliyeingia katika mashamba ya watu huiweka roho yake, na roho za wanakijiji waliosimama nyuma yake, katika risasi moja. Risasi hiyo ikipotoka, nyati hujeruhiwa badala ya kufa, naye nyati aliyejeruhiwa ni adui mbaya kuliko mzima. Kwa hiyo inafaa kujua ni kitu gani kinachoifanya risasi iende sawasawa, na ni kosa gani linaloifanya ipotee.

PIA NA MSHALE

Kila mtoto aliyecheza pia amekwisha kuiona siri hii kwa macho yake. Pia isiyozunguka haiwezi kusimama juu ya ncha yake. Ikisimamishwa huanguka mara moja. Lakini ikizungushwa kwa nguvu husimama wima, na hata ikisukumwa kidogo kwa kidole haianguki, ila kichwa chake huzunguka polepole kwa muda, kisha hutulia tena. Mzunguko ukipungua, pia huanza kulewalewa, na mwisho huanguka ubavu. Maana yake ni kwamba kitu kinachozunguka upesi hukataa kugeuzwa upande.

Sasa na utazamwe mshale. Wakamba na Waliangulu wa Kenya walisifiwa tangu zamani kwa upinde, na mishale yao ilikwenda sawasawa. Uzito wa mshale uko mbele, penye chembe ya chuma, na manyoya yako nyuma. Mkia ukitaka kwenda upande, hewa huyasukuma manyoya na kuurudisha mahali pake. Kwa hiyo mshale hujinyosha wenyewe unapokwenda.

Risasi ni kinyume cha mshale. Haina manyoya, na kwa kuwa imechongoka mbele na kunenepa nyuma, uzito wake mwingi uko nyuma. Hewa huisukuma kwa mbele. Ncha ikiinuka hata kidogo, hewa huzidi kuiinua, na risasi hutaka kupinduka, kitako kitangulie. Mkia wa kuiokoa haina. Kinachoiokoa ni kule kuzunguka kwake, kama pia.

Mzunguko huo hupatikana hivi. Risasi hufanywa iwe nene kidogo kuliko nafasi iliyo kati ya kingo za mifuo. Baruti inapowaka, gesi yake huisukuma mbele kwa nguvu nyingi, na kingo huliuma ganda laini la risasi. Hapo risasi haina njia nyingine ila kuufuata msokoto wa mifuo, kama skrubu iingiavyo katika ubao. Itokapo mdomoni mwa mtutu, tayari inazunguka.

JARIBIO LA BENJAMIN ROBINS

Mafundi wa Ujerumani walikuwa wakichonga mifuo katika mitutu tangu karne ya 16. Lakini kwa muda mrefu bunduki nyingi za vita na za biashara zilikuwa na mtutu laini. Magobori yaliyofika Afrika ya Mashariki kwa biashara katika karne ya 19 yalikuwa ya namna hiyo. Baruti na risasi ya mviringo zilitiwa kwa mdomoni, zikashindiliwa kwa mdeki. Kwa kuwa risasi ililegea, iligongagonga huku na huku ndani ya mtutu, na ule mgongano wa mwisho ndio ulioamua itatoka ikizunguka upande gani. Mara hii iliruka kulia, mara ya pili kushoto, na mpigaji hakuwa na kosa lo lote.

Mtu aliyeieleza sababu yake ni Mwingereza Benjamin Robins, bingwa wa hesabu, katika miaka ya 1740. Robins alichukua mtutu laini, akaupinda kidogo karibu na mdomo kuelekea kushoto, akatundika karatasi nyembamba mbele yake kwa umbali mbalimbali, ili matundu yake yamwonyeshe njia ya risasi. Mtu ye yote angetazamia kwamba risasi itakwenda kushoto na kuzidi kwenda kushoto. Mwanzoni ilikwenda kushoto kweli, lakini mbele zaidi ilipinda ikarudi kulia, ikauvuka mstari wa katikati. Sababu ilikuwa kwamba risasi, ilipopita penye pindo, ilijiviringisha juu ya ubavu wa kulia wa mtutu, ikatoka ikizunguka; na hewa humsukuma upande kila kitu cha mviringo kizungukacho hivyo.

Hivyo Robins alionyesha kwamba mzunguko usiotawaliwa ndio unaoipoteza risasi, na dawa yake ni mzunguko uliotawaliwa. Mtutu wa mifuo huizungusha risasi juu ya mstari wa safari yake yenyewe, wala si upande. Mwaka 1747 aliwaambia wataalamu wa Royal Society mjini London faida za mtutu wa namna hiyo.

MSOKOTO HUHESABIWAJE

Mwaka 1800 jeshi la Uingereza lilichagua bunduki ya mifuo iliyotengenezwa na fundi Ezekiel Baker, nayo ikapewa kikosi maalumu cha wapiga shabaha. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa inchi 30, na ndani yake mifuo 7 ilizunguka robo ya mzunguko tu. Maana yake, kama mtutu ungalikuwa na urefu wa inchi 120, risasi ingalizunguka mara moja kamili. Mafundi huuita msokoto kama huo moja kwa 120. Kadiri namba hii ya pili ilivyo ndogo, ndivyo msokoto ulivyo mkali, na ndivyo risasi inavyozunguka upesi zaidi.

Kutokana na mifuo hiyo bunduki yenyewe iliitwa kwa Kiingereza rifle, na vikosi vilivyoichukua vikaitwa Rifles. Jina hilo lilifika hata Afrika ya Mashariki. Mwaka 1902 vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika ya Mashariki na Uganda viliunganishwa, vikaitwa King's African Rifles. Na Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, vikosi vyake viliitwa Kenya Rifles. Kwa hiyo askari wengi wamelichukua jina la mifuo ile begani, pengine bila kuambiwa asili yake.

Msokoto wa Baker ulikuwa mpole sana, lakini ulitosha, kwa sababu risasi yake ilikuwa ya mviringo. Kitu cha mviringo hakina ncha ya kuinuliwa na hewa. Kinahitaji mzunguko kidogo tu. Shida ilianza mafundi walipotaka risasi ndefu.

Kwa nini waliitaka ndefu? Kwa sababu ile ile inayoufanya mtumbwi mwembamba upite majini kwa wepesi kuliko chombo kipana chenye uzito ule ule. Risasi nyembamba na ndefu huikata hewa, huitunza kasi yake, na hufika mbali. Lakini urefu una gharama yake. Mtu anayeinua jiwe kwa mtaimbo mrefu hutumia nguvu ndogo kuliko mwenye mtaimbo mfupi. Vivyo hivyo hewa: risasi ikiwa ndefu, hewa hupata mtaimbo mrefu wa kuipindulia. Basi risasi ndefu haina budi kuzungushwa kwa nguvu zaidi, yaani kupewa msokoto mkali zaidi.

WHITWORTH WA MANCHESTER

Mwaka 1853 jeshi la Uingereza lilipata bunduki ya Enfield, yenye upana wa inchi 0.577 na msokoto wa moja kwa 78. Serikali ikamwomba Joseph Whitworth, fundi mkubwa wa Manchester, achunguze jinsi ya kuitengeneza vizuri zaidi. Huyu ndiye aliyekwisha kupanga vipimo vya skrubu vilivyofuatwa katika viwanda vya Uingereza, naye hakukubali kukisia jambo lililoweza kupimwa. Alijenga ukumbi wa kupigia shabaha wenye urefu wa yadi 500 karibu na nyumba yake, ili upepo usimharibie majaribio, akajaribu mitutu yenye misokoto ya kila namna.

Alichoona ni hiki. Risasi ya Enfield ilikuwa na uzito wa grein 530. Whitworth aliushika uzito ule ule, lakini akaupunguza upana mpaka inchi 0.451, na kwa hiyo risasi ikawa ndefu. Kisha akaupa mtutu msokoto wa moja kwa 20, ambao wengi wa siku zile waliuona kuwa mkali kupita kiasi. Katika majaribio ya mwaka 1857 bunduki yake iliishinda Enfield kwa mbali, na kadiri shabaha ilivyosogezwa mbali ndivyo tofauti ilivyozidi kuwa kubwa.

Tarehe 2 Julai 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya chama cha wapiga shabaha huko Wimbledon. Bunduki ya Whitworth iliwekwa imara juu ya kiegemeo cha chuma, ikaelekezwa kwenye shabaha iliyokuwa umbali wa yadi 400, na Malkia akavuta kamba ya hariri iliyofungwa penye kifyatulio. Risasi ilipiga umbali wa karibu inchi moja na robo tu kutoka katikati kabisa.

Hata hivyo jeshi halikuichukua bunduki hiyo iwe ya askari wote. Ilikuwa ghali mno, na mtutu wake mwembamba ulijaa masizi ya baruti nyeusi upesi. Lakini fundisho lake halikupotea: risasi ikirefushwa, msokoto nao hauna budi kukazwa.

HESABU YA GREENHILL

Mwaka 1879 Alfred George Greenhill, mwalimu wa hesabu huko Woolwich, alitoa kanuni fupi ambayo kwayo fundi aliweza kujua msokoto unaofaa kabla hajachonga mtutu. Kanuni yenyewe yaweza kufuatwa na mtu ye yote ajuaye kugawanya na kuzidisha:

Kwanza, chukua urefu wa risasi, uugawanye kwa upana wake.
Pili, chukua 150, uigawanye kwa jibu hilo.
Tatu, zidisha jibu la pili kwa upana wa risasi. Litakalopatikana ni idadi ya inchi za mzunguko mmoja.

Na ijaribiwe kanuni hiyo kwa bunduki ya Lee-Enfield ya .303, ambayo askari wengi wa King's African Rifles waliichukua katika vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Risasi yake iliyoitwa Mark VII, iliyoanza kutumiwa mwaka 1910, ina upana wa inchi 0.311 na urefu wa karibu inchi 1.28. Ukigawanya 1.28 kwa 0.311, jibu ni 4.1. Ukigawanya 150 kwa 4.1, jibu ni kama 36.6. Ukizidisha 36.6 kwa 0.311, jibu ni kama 11.4. Basi msokoto unaohitajika ni moja kwa inchi 11 na kidogo. Mtutu wa Lee-Enfield una msokoto wa moja kwa 10, yaani mkali kidogo kuliko inavyotakiwa. Ziada hiyo ndiyo akiba ya usalama.

Risasi ya Mark VII hutoka mtutuni kwa kasi ya futi 2,440 kwa sekunde. Kwa kuwa huzunguka mara moja katika kila inchi 10, kwa sekunde moja ingezunguka mara 2,900 na zaidi. Hapana gurudumu la gari wala jiwe la kusagia linalokaribia kasi hiyo. Tena mzunguko haupungui upesi kama inavyopungua kasi ya kwenda mbele. Kwa hiyo risasi iliyotulia vizuri ilipotoka mtutuni huendelea kutulia. Na ile iliyokosa msokoto wa kutosha huonyesha kosa lake mapema, katika yadi za kwanza.

Mifuo ya Lee-Enfield imesokotwa kwenda kushoto, na ya bunduki nyingine nyingi kwenda kulia. Jambo hilo haliongezi wala kupunguza utulivu wa risasi. Huivuta tu kidogo upande ule inaozungukia inapokwenda mbali sana.

HEWA NZITO NA HEWA NYEPESI

Kanuni ya Greenhill haikutaja hewa, lakini hewa ndiyo inayotaka kuipindua risasi, nayo haina uzito mmoja kila mahali. Nairobi iko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Bunduki ambayo msokoto wake unatosha kwa shida huenda ikapiga vizuri katika nchi ya juu, lakini ikaharibika pwani. Nako kwenye baridi kali hali ni mbaya zaidi. Hewa ya nyuzi 40 chini ya sifuri ni nzito kwa karibu robo kuliko hewa ya nyuzi 15 za Celsius.

Jambo hili liliwapata Wamarekani walipotengeneza bunduki iliyojulikana baadaye kwa jina la M16. Risasi yake ilikuwa ndogo na ya kasi nyingi, yenye upana wa inchi 0.224, urefu wa karibu inchi 0.74 na uzito wa grein 55. Mtutu ulipewa msokoto wa moja kwa 14. Katika nchi ya joto ilipiga vizuri. Lakini katika hewa nzito ya baridi kali msokoto huo haukuacha akiba ya kutosha, na risasi zilitawanyika. Mwaka 1963 iliamuliwa kwamba msokoto uwe moja kwa 12.

Kwa risasi zinazopita kasi ya futi 2,800 kwa sekunde, wataalamu huweka 180 mahali pa 150 katika kanuni ya Greenhill. Msomaji akifanya hesabu hiyo kwa risasi ile ya Marekani, atapata kama inchi 12. Hesabu iliyotolewa mwaka 1879 ilikuwa imelitoa jibu zamani.

RISASI MPYA KATIKA MTUTU WA ZAMANI

Kisa hicho kiliendelea. Mwaka 1980 nchi za mapatano ya NATO zilichagua risasi mpya ya upana ule ule, yenye uzito wa grein 62. Ndani yake kilitiwa kipande cha chuma cha pua, na kwa kuwa chuma ni chepesi kuliko madini ya risasi, ilibidi irefushwe mpaka karibu inchi 0.9. Pamoja nayo ilikuja nyingine inayowaka nyuma ili mpigaji aione njia yake, nayo ina urefu wa karibu inchi 1.15. Kwa hiyo ndefu kanuni inataka msokoto wa moja kwa 8 au mkali zaidi. Wamarekani walipotengeneza M16A2 katika miaka ya 1980, waliipa msokoto wa moja kwa 7.

Hapo ndipo ilipotokea hatari isiyoonekana kwa macho. Risasi mpya iliingia katika bunduki ya zamani bila shida yo yote. Upana ulikuwa ule ule, ganda lilikuwa lile lile, na bunduki ililia kama kawaida. Lakini msokoto wa zamani wa moja kwa 12 haukuweza kuituliza risasi ndefu. Iliyumba na kupepesuka, na shabaha ikapotea. Mafunzo ya jeshi la Marekani yaliwaonya askari kwamba risasi mpya isitiwe katika bunduki ya zamani ila katika dharura ya vita, tena kwa umbali usiozidi mita 90. Askari asiyeambiwa hivyo angeweza kumlenga adui sawasawa, akavuta pumzi na kufyatua kama alivyofundishwa, asimpate. Au akampata mwenzake.

MZUNGUKO HAUTOSHI NDANI YA MWILI

Wako watu wanaodhani kwamba risasi iliyotulia hewani itakwenda moja kwa moja hata ndani ya mnyama. Sivyo. Nyama na maji ni vizito kuliko hewa mara mia nane hivi, na hapana mtutu unaoweza kuizungusha risasi kiasi cha kushinda uzito huo. Risasi yenye ncha kali huelekea kupinduka ndani ya mwili, hata ikiwa ilikuwa imetulia kabisa angani. Ndani ya mnyama mkubwa umbo la kichwa cha risasi na ugumu wa ganda lake vina kazi kuliko mzunguko.

Walter Bell, Mskoti aliyewinda ndovu katika Karamoja ya Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliyajua hayo. Siku zile uwindaji ulikuwa ruhusa. Kenya iliupiga marufuku uwindaji wa wanyama wakubwa mwaka 1977. Bell aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki nyembamba ya .275, ambayo wawindaji wengine waliidharau. Risasi alizotumia zilikuwa ndefu, zenye kichwa cha mviringo na ganda gumu, na mtutu ulikuwa na msokoto mkali uliozifaa. Tena aliyapasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno, ili ajue hasa ubongo ulipo. Risasi yake ilifika ilikoelekezwa kwa sababu alikuwa amezijua bunduki, risasi na mnyama, vyote vitatu.

JINSI YA KUUPIMA MSOKOTO

Mlinzi au askari anaweza kuupima msokoto wa bunduki aliyokabidhiwa bila chombo cha thamani. Kwanza ahakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba bunduki haina risasi hata moja. Kisha achukue fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka wenyewe, aifunge kitambaa cha mafuta kinachobana, na kuiingiza mtutuni. Atie alama mbili juu ya fimbo: moja ya kuonyesha mahali ilipofika penye mdomo wa mtutu, na nyingine juu kabisa ya ubavu wake. Aisukume polepole. Fimbo itaufuata msokoto na kuzunguka. Alama ya ubavuni itakaporudi juu, apime ni inchi ngapi fimbo imeingia. Idadi hiyo ndiyo msokoto. Mtutu ukiwa mfupi, apime nusu ya mzunguko na kuzidisha kwa mbili.

Dalili ya risasi isiyotulia huonekana katika karatasi ya shabaha. Risasi iliyotulia hutoboa tundu la mviringo lenye kingo safi. Risasi iliyoyumba hutoboa tundu refu, na iliyolala ubavu huacha alama kama ya tundu la ufunguo. Mtu akiona tundu la namna hiyo katika yadi 25 au 50, asiilaumu mikono yake wala asiigeuze shabaha. Pengine risasi ni ndefu kuliko msokoto, au ni nyembamba kuliko mtutu, au mifuo imelika kwa kutu na kwa miaka mingi ya kazi hata haiwezi tena kuiuma risasi. Bunduki kama hiyo irudishwe kwa fundi, wala isichukuliwe kazini.

Wala mtu asidhani kwamba msokoto ukizidi sana ndipo bora. Risasi yenye kasoro ndogo, kama ubavu mmoja ulio mzito kuliko mwingine, huzidi kupotoka ikizungushwa kupita kiasi, na ganda jembamba mno laweza kupasuka angani. Kinachotakiwa ni msokoto unaotosha, na akiba kidogo kwa ajili ya baridi na hewa nzito.

Tangu Baker mpaka siku hizi msokoto umekazwa kutoka inchi 120 hata inchi 7, na kila hatua ilifuata urefu wa risasi. Wazee husema kwamba kila mlango na ufunguo wake. Mwenye bunduki anayeokota risasi yo yote kwa sababu tu imeingia ni kama mtu anayeshukuru kwamba ufunguo umeingia mlangoni, asitazame kama umefungua. Kabla ya kutoka usiku kwenda kumkabili nyati, na asome namba iliyoandikwa juu ya kisanduku cha risasi, aijue na namba ya mtutu wake, kisha ajaribu risasi tatu katika karatasi mchana. Matundu matatu ya mviringo yatamwambia linalompasa kujua.